Istilahi za Bandarini na Mwenye Mzigo

Miongoni mwa rasimu zilizofika mezani kwetu ili istilahi zake zichunguzwe kabla ya kusanifiwa, imo orodha moja ya maneno ya usafirishaji wa baharini iliyotayarishwa kwa ajili ya kuwafundishia makarani wa bandari na wa forodha. Mwandishi wake hatutamtaja, kwani nia yetu si kumlaumu mtu bali ni kuipima kazi. Tumeona ni vema maoni yetu tuyatoe hadharani, kwa sababu kasoro tuliyoikuta humo si yake peke yake. Inaonekana pia katika makala na matangazo mengi ya Kiswahili yanayohusu shughuli hizi.

Tuanze na sifa zake. Rasimu imeziweka pamoja istilahi za nyanja ambazo utafiti wa siku hizi hauzitenganishi tena, yaani uchukuzi wa baharini, mipango ya kupeleka na kupokea bidhaa, uongozi wa shughuli hizo, na ubora wa bidhaa zifikapo mwisho wa safari. Kadhalika mwandishi hakuyatupa maneno ya mabaharia wetu wa zamani. Shehena, tishali na farumi yamo yote. Neno nauli amelirudishia maana yake ya malipo ya kuchukuliwa mizigo chomboni, maana ambayo wengi wetu tumeisahau kwa kuzoea nauli ya basi. Hapo amefuata kanuni tunayoijua sote, kwamba istilahi hutafutwa kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kukopwa kwingine.

Hata hivyo, rasimu hii ina kosa moja kubwa linalojirudia. Dhana mbili au tatu zilizo mbalimbali zimepewa neno moja, na aghalabu pale pale ambapo tofauti baina yake ndiyo inayoamua nani alipe, au chombo kiko salama au hakiko.

Mfano wa kwanza ni maneno mzigo na kasha. Katika rasimu, mzigo ni bidhaa zote zilizomo melini; ni bidhaa za mtu mmoja zilizoandikiwa hati moja; tena ni gunia moja au robota moja. Kasha nalo ni lile sanduku kubwa la chuma linalopakiwa melini, na papo hapo ni sanduku dogo la mbao lililomo ndani yake. Basi mtu akisoma "makasha 20", hawezi kujua kama anaambiwa habari za meli au za ghala.

Atakayesema kwamba hili ni jambo dogo na autazame Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1978 kuhusu uchukuzi wa bidhaa baharini, unaojulikana kwa jina la mji wa Hamburg, na ulioanza kutumika mwaka 1992. Tanzania, Kenya na Uganda zimo miongoni mwa nchi zilizoukubali. Mkataba huo umeweka kikomo cha fidia anayoweza kudaiwa mchukuzi bidhaa zikipotea au zikiharibika mikononi mwake. Kikomo chenyewe ni vipimo vya hesabu 835 kwa kila kifurushi, au 2.5 kwa kila kilo, kutegemea kipi kitatoa jumla kubwa zaidi. Vipimo hivyo ni haki maalumu za kutoa fedha za Shirika la Fedha la Kimataifa. Ikiwa hati ya shehena imetaja idadi ya vifurushi vilivyomo ndani ya sanduku la chuma, kila kimoja huhesabiwa peke yake. Isipotaja, vyote vilivyomo huhesabiwa kuwa kitu kimoja.

Tuchukue mfano wa magunia 320 ya kahawa, kila moja la kilo 60. Karani akiandika magunia 320, kikomo cha fidia ni vipimo 267,200. Akiandika sanduku 1 bila kutaja kilichomo, kinachobaki ni hesabu ya kilo, nayo ni takriban 48,000. Mwenye kahawa halipwi zaidi ya hasara yake, lakini hasara ikizidi kikomo, ziada ni yake mwenyewe. Ni kweli kwamba hati zenyewe kwa kawaida hujazwa kwa Kiingereza. Lakini karani anayezijaza amefundishwa na kuelekezwa kwa Kiswahili, na akizoezwa kwamba gunia ni mzigo na sanduku la chuma pia ni mzigo, hana sababu ya kuona kosa katika kuandika 1.

Kwa hiyo tunapendekeza shehena iwe ni jumla ya bidhaa zilizomo chomboni. Mzigo uwe ni bidhaa zilizoandikiwa hati moja. Na kifurushi kiwe ni kila kitu kilichofungwa peke yake kwa safari, kiwe gunia, robota, pipa au katoni. Sanduku la chuma liitwe kontena. Wako watakaotuuliza kwa nini sisi, ambao kazi yetu ni kulinda lugha, tunaacha neno kasha lililozoeleka na kushika la kukopa. Jibu letu ni kwamba kasha lina kazi yake tangu zamani, na kazi hiyo haijakwisha. Kontena ni chombo kigeni kilichoingia katika biashara ya bahari baada ya safari ya meli Ideal X kutoka Newark kwenda Houston mwaka 1956, na jina lake geni halimwondoi mwenyeji yeyote mahali pake.

Mfano wa pili ni uzito. Rasimu inatumia "uzito halisi" kwa uzito wa bidhaa bila chombo chake, na inatumia maneno hayo hayo kwa uzito uliopimwa na kuthibitishwa. Tangu tarehe 1 Julai 2016, Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini unakataza kontena lililojaa kupakiwa melini kabla ya kuthibitishwa uzito wake wote, yaani bidhaa, vifungashio na kontena lenyewe. Kontena tupu la futi 20 lina tani 2 na ushei. Karani anayeelewa "uzito halisi" kwa maana ya kwanza atazipunguza tani hizo katika kila kontena, na makosa ya makontena mia moja yatakuwa zaidi ya tani 200 ambazo nahodha hana habari nazo.

Hatari hii si ya kubuni. Mwezi Januari 2007 meli MSC Napoli ilivunjika mwili katika bahari iliyo baina ya Uingereza na Ufaransa. Wachunguzi wa Uingereza walipopima makontena ya sitahani yaliyobaki makavu, yapata 660, waliona kwamba moja katika kila matano lilipishana na uzito ulioandikwa kwa zaidi ya tani 3. Hatusemi kwamba maneno ndiyo yaliyoivunja meli ile. Tunasema kwamba penye hatari ya namna hii, istilahi isiongeze kosa jingine. Uzito wa bidhaa, uzito wa kontena tupu, uzito wa jumla, na uzito wa jumla uliothibitishwa: majina haya manne ni marefu kidogo, lakini kila moja lina maana yake.

Mfano wa tatu ndio unaowaumiza watu wengi zaidi. Rasimu imezikusanya tozo nne na kuzipa jina moja, "gharama za ucheleweshaji". Ya kwanza hulipwa bandari kwa sababu mzigo umekaa uwanjani kupita siku zisizotozwa. Ya pili hulipwa kampuni ya meli kwa sababu kontena lake lililojaa halijaondolewa bandarini kwa wakati. Ya tatu hulipwa kampuni hiyo hiyo kwa sababu kontena limetoka na halijarudishwa tupu. Ya nne hulipwa mwenye meli na aliyeikodi, kwa sababu meli imekawizwa katika kupakia au kupakua. Mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyepitishia mzigo wake Dar es Salaam aweza kudaiwa tatu za kwanza kwa pamoja. Akiletewa madai matatu yenye jina moja, atadhani anatozwa mara tatu kwa kosa moja. Au, vibaya zaidi, atalipa moja na kudhani amemaliza, huku kontena likiendelea kuhesabiwa siku.

Tunapendekeza majina yafuatayo: tozo ya uwanja, tozo ya kontena bandarini, tozo ya kontena nje ya bandari, na fidia ya kukawiza meli. Kila jina laonyesha kitu kilichokawia na mahali kilipo, na kwa hiyo humwonyesha mlipaji mlango wa kubisha.

Mwisho tutaje neno ubora, ambalo rasimu inalieleza kuwa ni "hali ya kuwa bora kuliko vingine". Hiyo ndiyo maana ya mazungumzo. Katika taaluma, na hasa tangu kutolewa viwango vya kimataifa vya ISO 9000 mwaka 1987, ubora ni kadiri ambayo kitu kinatimiza masharti yaliyowekwa. Parachichi za Njombe zikisafirishwa kwa kontena la baridi, mpokeaji hadai ziwe nzuri kuliko zote duniani. Anadai ukubwa, ugumu na joto la safari walivyoafikiana. Neno ubora limekwisha kukaa na libaki, ila fasili yake ibadilishwe.

Huenda ikasemwa kwamba muktadha hutosha kubainisha maana. Watu wawili wakizungumza gatini, muktadha hutosha, kwani huweza kuonyeshana kwa kidole. Lakini hati husomwa na mtu ambaye hakuwapo wakati wa kupakia, miezi kadhaa baadaye, na mara nyingi wakati wa ugomvi.

Kwa sababu hizo rasimu tumeirudisha kwa mwandishi, tukimwomba aweke mbele ya kila istilahi ya malipo jina la anayelipa na la anayelipwa, na mbele ya kila istilahi ya uzito kinachopimwa na kisichopimwa. Wasomaji wetu walioko bandarini, wakiwa makarani, mabaharia au makuli, tunawaomba watuletee maneno wanayoyatumia wao kazini kwa dhana hizi. Ikiwa liko neno bora kuliko tuliyoyapendekeza hapa, yaelekea liko kwao, na tutalipokea kabla orodha haijasanifiwa.