Heko kwa Wawinda Vivuli

Kuna watu ambao kazi yao ni kukesha kwenye baridi wakingoja nyota ipotee kwa takriban sekunde moja. Nawapa heko.

Usiku wa Julai 17, 2017, kundi lililoongozwa na mwanaastronomia Marc Buie lilitawanya darubini zaidi ya 20 katika nyika ya Patagonia, karibu na Comodoro Rivadavia, Argentina. Walikuwa wakiliotea jiwe la barafu lililo mbali kuliko Pluto, dogo na hafifu mno. Likipita mbele ya nyota, kivuli chake kingekatiza hapo, ukanda wa makumi machache ya kilomita tu. Mwezi uliotangulia walikuwa wamejaribu Argentina na Afrika Kusini, wakatoka mikono mitupu.

Upepo wa huko hauna adabu, unatikisa darubini. Basi malori yakapangwa kuukinga, taa za mitaani zikazimwa na barabara kuu ikafungwa kwa saa mbili. Hebu fikiria kumwomba mkuu wa wilaya afunge barabara kwa ajili ya kivuli!

Darubini tano zilinasa kivuli hicho. Kila moja iliandika muda nyota ilipozimika. Muda huo, ukizidishwa kwa kasi ya kivuli, unakupa upana wa jiwe pale lilipokatiza. Mistari hiyo mitano ilipopangwa pamoja, ilionekana kama vidonge viwili vilivyogusana. Januari 1, 2019, chombo cha anga cha New Horizons kilipita jirani na jiwe hilo, ambalo leo linaitwa Arrokoth, na picha zikaonyesha vidonge viwili vilivyogusana.