Sufuria Mbili za Borshi

Ukiketi kaunta pale Veselka, mgahawa wa Kiukreni kwenye kona ya Second Avenue na East 9th Street jijini New York, borshi, yaani supu ya bitiruti, inafika mbele yako ikiwa nyekundu ya choya, na tone kubwa la krimu chachu likielea katikati. Nilipoionja mara ya kwanza, kilichonishika ni viazi. Vilikuwa laini, vinakatika kwa ukingo wa kijiko, ilhali mchuzi wenyewe ulikuwa na ukali wa siki unaosikika hadi nyuma ya ulimi. Anayepika maharage ataelewa kwa nini nilishangaa. Nyanya au ukwaju ukitangulia chunguni, maharage hugoma kuiva, maana asidi hukaza kile kinachoshikanisha chembe za mmea. Viazi na karoti navyo vina tabia hiyo hiyo. Sasa hawa walipataje ukali na ulaini katika bakuli moja, na rangi juu yake?

Walipika katika sufuria mbili. Tom Birchard, aliyeuendesha mgahawa huo kwa miongo mingi, alitoa kitabu cha mapishi ya Veselka mwaka 2009, na njia imo humo. Sufuria ya kwanza ni ya maji ya bitiruti: vipande vinachemshwa na siki kidogo, kisha maji yanachujwa na kuwekwa pembeni. Ya pili ni ya nyama ya nguruwe, inayochemka polepole hadi itoe supu nzito, ndipo zinaingia kabichi, karoti, viazi na maharage mapana meupe. Sufuria hizi mbili zinakutana mboga zikiwa zimekwisha kulainika.

Uzuri wa mpango huu uko katika kemia ya bitiruti. Rangi yake inaitwa betanini. Huyeyuka majini upesi mno, ndiyo maana ukiikata bitiruti vidole vinashinda vyekundu. Lakini haivumilii moto mrefu: ikichemka sana huvunjika, wekundu ukatoweka, na supu ikaelekea kwenye manjano iliyofifia na kahawia. Kinachoipa nguvu ya kustahimili ni ukali wa wastani, ule wa kijiko kimoja cha siki. Siki hiyo hiyo inapunguza harufu ya udongo ambayo wengi wanaichukia katika bitiruti. Harufu hiyo inatoka kwenye jiosmini, kemikali ile ile tunayoinusa ardhi kavu inapopata mvua, na asidi huivunja.

Kwa hiyo bitiruti inahitaji siki tangu mwanzo, na viazi vinaihitaji mwishoni tu. Ukivitia chungu kimoja, lazima kimoja kiumie. Nalijua hili kwa mikono yangu. Nilipojaribu borshi nyumbani nilitia kila kitu pamoja, siki ikatangulia ili rangi isipotee. Baada ya saa nzima mchuzi ulikuwa unang'aa vizuri, ila kiazi nilichokichoma kwa uma kilikuwa na kiini kigumu kama muhogo usioiva. Nikaongeza moto na muda. Viazi vikalegea hatimaye, na kufikia hapo mchuzi ulikuwa na rangi ya tofali. Wiki iliyofuata nikatumia sufuria mbili, nikamimina maji ya bitiruti dakika tano kabla ya kuepua, na wekundu ukabaki.

Kwa mgahawa wa kawaida, ambao mtu anaingia na koti lake, anaagiza, anakula na kuondoka, jambo hili lina uzito zaidi kuliko nyumbani. Veselka ilikuwa wazi saa 24 kwa miaka mingi, hadi janga la korona lilipoingia mwaka 2020. Supu ya mahali kama hapo haipikwi kwa meza moja. Inakaa motoni, inachotwa na upawa, inapashwa tena, na kila dakika ya moto inakula rangi. Mpishi mwenye maji ya bitiruti pembeni ana cha kuongeza. Aliyechanganya vyote asubuhi hana la kufanya ifikapo usiku.

Mahali penyewe hapakuanza kama mgahawa. Wolodymyr Darmochwal na mkewe Olha, waliofika Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakiwa wakimbizi kutoka Ukraine, walifungua mwaka 1954 kiduka cha peremende na magazeti katika mtaa uliokuwa umejaa Waukreni wenzao. Wakakiita Veselka, yaani upinde wa mvua. Chakula kiliingia kidogo kidogo. Birchard, mkwe wao, alianza kazi pale mwaka 1967, na leo mwanawe Jason ndiye anayeshika usukani.

Urusi ilipoivamia Ukraine kwa ukubwa wake wote, Februari 2022, familia hiyo iliamua kwamba mapato ya borshi yaende kuisaidia Ukraine, na watu wakapanga foleni nje. Mgahawa unajulikana vilevile kwa vareniki, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi au jibini. Lakini kifuko kimoja kinahitaji mkono wa mtu kukifumba ukingo, na kinachofuata kinahitaji mkono tena, ilhali supu inaongezwa kwa kuongeza sufuria. Naamini hiyo ni sababu mojawapo ya borshi kuubeba mzigo ule, pamoja na ile iliyo wazi kwamba hiki ndicho chakula ambacho Waukreni hawako tayari kuporwa jina lake. Julai mwaka ule ule UNESCO iliuingiza utamaduni wa kupika borshi ya Ukraine katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Turudi kaunta: krimu chachu haiingii sufuriani kabisa. Ikichemshwa ndani ya mchuzi wenye siki hukatika na kuwa madonge, hivyo huwekwa baridi juu ya bakuli lililokwisha kupakuliwa. Mama mmoja mzee aliyekaa viti viwili kutoka kwangu hakuikoroga. Alichota mchuzi pembezoni, akaugusisha kwenye krimu, akanywa. Michirizi ya waridi ilienea taratibu kuelekea ukingoni, na viazi alivibakiza hadi mwisho.