Kupima Mchoro wa Kilimanjaro

Katika maduka ya sanaa ya Moshi, anza na Mawenzi. Ukiwa mjini, kilele cha Kibo kiko kushoto, cha Mawenzi kulia. Mchoro ukivigeuza, basi mlima huo umetazamwa kutoka Kenya, au umenakiliwa kwenye picha za Amboseli. Kukiwa na ndovu na nyika, sawa. Kukiwa na migomba na kahawa, nchi hiyo haipo.

Hicho ni kipimo chepesi. Kizito ni hiki: je, watu waliochorwa wanaijua kazi wanayoifanya? Hapo nampima kila mchoraji kwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, 1923, aliyesoma Makerere kwa Margaret Trowell na baadaye shule ya sanaa ya Slade, London, kisha akarudi huko huko London kama balozi wa Tanganyika huru. Mchoro wake wa 1956, wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, unamilikiwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Watu wake ni wadogo, nyuso hazina mapambo, na bado hushindwi kujua nani anafanya nini. Sura nzuri huuza mchoro. Mimi huitazama migongo kwanza. Anayepanda na mzigo wa majani ya ng'ombe huinama mbele, na miguu yake huonyesha kwamba ardhi imelala upande.

Kisha kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga. Majani makuukuu ya mgomba huwa yamechanwa na upepo, jani changa likiwa bado limejisokota wima katikati. Mchoraji mwenye haraka huyapiga yote mazima. Kahawa ikae kivulini mwa migomba. Ikisimama peke yake juani, hapo amechora shamba la mwekezaji. Mfongo, mfereji wa kumwagilia, nao hukata ubavu wa mlima polepole, maji yakitembea karibu usawa. Ukiona umeporomoka wima, mchoraji hajawahi kuchimba wala kuzibua hata mmoja.

Sanaa ya Tingatinga usiipime hivi. Edward Tingatinga aliianza Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi ya gloss juu ya hadibodi, na hapo tazama uthabiti wa mstari na nukta zisizovuja.

Ukishachagua wa kununua, rangi ya mafuta ikiwa bado inanuka, usikubali turubai ikunjwe. Iache dukani ikauke, uipitie baadaye.