Kwa Nini Sasuke Amuue Naruto?

Ukiuliza maskani yoyote hapa Katonga, jibu ni moja: Sasuke ana wivu. Eti Naruto, yule mtoto wa kuchekwa na kijiji kizima, sasa anamkaribia kwa nguvu, basi jamaa hana raha. Wivu upo, sikatai. Lakini wivu unatosha kumpiga mtu ngumi tu. Kumuua rafiki pekee uliye naye ni jambo jingine, na hapo ndipo Masashi Kishimoto anapotuacha mbali sisi tunaoandika kila siku visa vya kuuana kwa sababu ya mwanamke au fedha.

Kumbuka, ndugu msomaji: Itachi ameua ukoo wa Uchiha, akamwacha mdogo wake hai na sharti. Ukitaka macho kama yangu, muue rafiki yako wa karibu kuliko wote. Hebu litazame vizuri sharti hilo. Adui hafai. Mtu baki hafai. Lazima umpende kwanza! Wazee wetu walichanjiana, wakaonjana damu ili wawe ndugu. Huyu anaambiwa amwage damu ya ndugu ili apate nguvu. Kwa hiyo, pale Bonde la Mwisho, anapomwambia Naruto kuwa ndiye rafiki yake mkubwa, anamsomea hukumu.

Halafu anashinda, Naruto kalala hajitambui, na hamuui. Washikaji husema mwandishi alitaka tu hadithi iendelee. Mimi naona vingine. Akimuua atakuwa amemtii Itachi, yule yule anayemchukia. Kumwacha hai ni ukaidi, si huruma tupu.

Pambano lao la mwisho, lililochapishwa 2014, halinigusi hivyo. Sasuke sasa anataka kuibadili dunia nzima, na Naruto ni kamba ya mwisho ya kukatwa. Anamkaribia Brutus wa Shakespeare, ambaye Mwalimu Nyerere alituletea kwa Kiswahili mwaka 1963, anayemchoma kisu rafiki yake Kaizari kwa ajili ya Roma. Ila Brutus tunamwona akikosa usingizi kabla ya kuua. Sasuke anahutubia. Yule kijana wa kule bondeni hakuwa na hotuba: mvua inanyesha, ameinama juu ya uso wa rafiki yake, kisha anainuka na kwenda zake kwa Orochimaru.