Heko, Watu wa Duduville

Profesa Thomas Odhiambo alipoanzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu ambacho makao yake ni Duduville, jijini Nairobi mwaka 1970, alitaka Waafrika wachunguze wadudu wao wenyewe, tena kwao. Heko kwa waliolinda nia hiyo! Tangu 1983, mpango wao wa mafunzo, ARPPIS, huwapokea wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Utafiti wanaufanyia ICIPE, shahada wanaipata chuo kikuu.

Matunda ya utafiti wa ICIPE yanaonekana shambani. Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, mmea wa desmodiamu hupandwa katikati ya mahindi. Harufu yake huwafukuza nondo wa bungua, mizizi yake hulidhoofisha gugu la kiduha, na nyasi za nepia zilizo pembezoni huwavuta nondo hao. Mifugo nayo hupata malisho. Huo ndio ubunifu hasa!

Serikali zetu, ili ubunifu huu uendelee, wapeni watafiti hawa vibali vya utafiti bila usumbufu.