Filme « 2010 »: moto ni muzuri, lakini hatari yenyewe inakuja pole pole

Bandugu, wiki iliyopita tulitazama na wenzetu wa promosio filme « 2010 » ya Peter Hyams, ya mwaka 1984. Umeme ulikatika mara mbili, lakini kipande chenye kilituletea ubishi tulikiona chote. Chombo Leonov kinaingia ndani ya hewa ya Jupita ili hewa ikipunguzie mbio. Kimezungukwa na mabaluni makubwa ya kukikinga, moto unawaka, kila kitu kinatetemeka, Floyd na dada mmoja Murusi wanashikana kwa nguvu. Dakika chache, kisha kimya. Wamepona.

Kama sinema, sina la kusema. Woga wa wale wawili unashika roho. Lakini mwenzetu mmoja akasema: « Munaona? Ni roho ngumu tu. » Hapo ndipo filme inatudanganya.

Kwa namna ile ya kupita mara moja tu, ukipita juu sana unapitiliza, ukishuka sana unaungua; na mpaka leo hakuna chombo kilichoifanya kwenye sayari ingine. Yenye inafanyika kweli ni kugusa hewa ya juu kidogo kidogo, mamia ya mara. Mars Global Surveyor ilifika Mars Septemba 1997, mzunguko mmoja ukichukua saa 45 hivi. Walitaka kuufikisha karibu saa 2 bila kumaliza mafuta. Freni ilikuwa nini? Mabawa yake ya kuchukua umeme wa jua! Na bawa moja halikujifunga vizuri tangu mwanzo wa safari. Oktoba likapinda kupita kiasi. Wakasimamisha kazi wiki kadhaa, kisha wakaanza tena, safari hii wakigusa hewa nyepesi zaidi. Kazi ya kuchora ramani, yenye ilipaswa kuanza Machi 1998, ikaanza Machi 1999.

Na Novemba ile, tufani ya vumbi ikaongeza uzito wa hewa kule juu chombo kilikopita. Sisi watu wa shamba tunajua hiyo: wastani wa mvua ya mwaka hauokoi mbegu yenye imekwisha kuoza.

Ndani ya Leonov, moto ukishawaka, hakuna mwenye anaweza kusema tusimame kwanza. Wale wa 1997 waliweza, na walisema. Mwenzetu aliita hiyo woga. Mimi ningelipa tiketi kwa filme yenye inaonyesha ile siku bawa lilipinda, watu wamekaa kimya na kalenda mbele yao, wakihesabu miezi yenye watapoteza.