Wazima, Hofu Ni Kwenu: Unyumbufu wa Hisia katika Fasihi ya Kiswahili na Salamu za Ughaibuni

Kila aliyefundishwa kuandika barua ya kirafiki kwa Kiswahili anaujua ufunguzi wake. Baada ya salamu nyingi, mwandishi hueleza kwamba yeye ni mzima wa afya, na kwamba hofu na mashaka ni kwa yule anayeandikiwa, aliye mbali na upeo wa macho yake. Sentensi hiyo imezoeleka mno hata haisomwi tena, ilhali inafanya kazi nzito. Kwanza, inaufunga mlango wa hali ya mwandishi kabla msomaji hajabisha hodi. Pili, inaihamisha hofu kutoka kwa aliye safarini, ambaye ndiye mwenye sababu ya kuogopa, na kuiweka kwa aliyebaki nyumbani. Tatu, inaigeuza hofu hiyo kuwa upendo: ninakuhofia, kwa hiyo ninakukumbuka. Uchungu wa kutengana unasemwa, ila unasemwa kwa jina la mtu mwingine.

Barua za karatasi zimepungua, lakini fomula hiyo ingali hai. Imehamia katika sauti zinazorekodiwa kwa simu na kutumwa Mombasa, Tanga, Unguja na Kampala kutoka mitaa kama Al Twar, upande wa mashariki wa Dubai, kati ya uwanja wa ndege wa kimataifa na Al Qusais. Al Twar ni mtaa wa makazi, wenye nyumba nyingi zilizozungushiwa kuta, misikiti, maduka na maktaba ya umma. Dubai ina wasemaji wa Kiswahili wa tabaka mbili. Wapo wenye asili ya Zanzibar, ambao familia zao zilielekea nchi za Ghuba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Na wapo waliokuja miaka ya karibuni kufanya kazi za ulinzi, za dukani, za hotelini na za ndani ya nyumba za watu. Wote wanarithi ufunguzi uleule: huku salama, sijui ninyi.

Swali linalozuka ni la uhakiki, na papo hapo ni la afya. Je, kusema “salama” wakati mambo si salama ni busara au ni sumu? Usomaji wa fasihi ya Kiswahili umelijibu swali hili kwa namna mbili zinazopingana. Upo usomaji unaoitukuza subira: kujikaza, kujisitiri na kutomwaga mtama penye kuku wengi. Upo pia usomaji, hasa wa riwaya za baada ya uhuru, unaoitazama subira kama mnyororo, na kumpongeza kila mhusika anayepasua kimya. Misimamo hii miwili inafanana kuliko inavyodhaniwa. Yote inaamini kwamba ipo njia moja bora ya kuishi na hisia, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuitambua na kuitetea.

Wanasaikolojia nao walikaa muda mrefu na imani ya aina hiyo. George Bonanno wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walichapisha mwaka 2004 utafiti juu ya wanafunzi wa chuo jijini New York, uliofanyika katika kipindi kilichofuata mashambulizi ya Septemba 2001. Wanafunzi walipimwa uwezo wa kuzikuza hisia zao usoni na uwezo wa kuzizuia, kila mmoja kwa wakati wake. Walioonekana kuwa na dhiki ndogo zaidi mwishoni mwa mwaka wa pili ni wale walioweza kufanya yote mawili. Mwaka 2013 Bonanno na Charles Burton waliipinga waziwazi dhana kwamba mbinu fulani ya kutawala hisia ni nzuri au mbaya popote pale. Walipendekeza badala yake uwezo wenye sehemu tatu: kuisoma hali jinsi ilivyo, kuwa na akiba ya njia nyingi, na kuiacha njia iliyochaguliwa pindi inapoonekana haisaidii. Uwezo huo unaweza kuitwa unyumbufu wa hisia. Watafiti wanaochunguza maisha ya kila siku, ambao huwauliza watu mara kadhaa kwa siku wanahisi nini na wanafanya nini na hisia hizo, wamejaribu kuupima nje ya maabara, kwa kuwa sonona na wasiwasi havijengwi na tukio moja kubwa pekee. Hujengwa pia na maamuzi madogo ya asubuhi na jioni: kulia au kutolia, kupiga simu au kunyamaza, kuliwaza tena jambo au kuliweka kando.

Wazo hili si geni kwa Kiswahili. Hazina ya methali inasema kwamba subira yavuta heri, na hazina hiyohiyo inaonya kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Anayezisoma methali hizo kama sheria ataona zinagongana. Anayezisoma kama vifaa vya fundi ataona kwamba nyundo na msumeno havigombani. Maarifa ya methali hayako katika kuzikariri. Yako katika kujua ipi itolewe lini, mbele ya nani. Kwa kigezo hicho, baadhi ya matini mashuhuri za Kiswahili zinastahili kusomwa upya.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuzuiwa shuleni kwa kipindi fulani, kwa kawaida husomwa kama onyo dhidi ya malezi makali. Zakaria, baba mlevi na mkali, anamwadhibu binti yake kwa kipigo kwa sababu ya barua ya kijana aitwaye Charles. Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume kabisa, baadaye, akiwa masomoni mbali na nyumbani, anajitupa kwao kabisa, mwisho anajiua. Usomaji wa malezi ni sahihi, ila hauelezi kwa nini uhuru haukumponya. Unyumbufu unalieleza hilo. Rosa wa kwanza na Rosa wa pili hawatofautiani sana, kwani kila mmoja ana njia moja tu. Wa kwanza anazuia kila kitu, wa pili hazuii chochote, na hakuna kati yao aliyewahi kupewa nafasi ya kupima: huyu nimwambie, yule nimnyamazie, leo nikatae, kesho nikubali. Si bure kwamba msiba unaanzia kwenye barua. Kipigo cha Zakaria kinamfundisha binti kwamba neno la moyoni, likishaandikwa, litaishia mikononi mwa mwenye fimbo. Anayejifunza hivyo utotoni hapungukiwi ujasiri wa kusema tu. Anapungukiwa pia maarifa ya kuchagua wa kumwambia.

Kichwamaji ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1974, inaonyesha ugumu wa aina nyingine. Kazimoto, msimulizi wa nafsi ya kwanza, ni msomi wa chuo kikuu asiyekosa maneno. Hakuna anachokificha kwa msomaji wake. Kama kusema kungetosha kuponya, Kazimoto angepona. Lakini chombo chake ni kimoja, nacho ni fikra. Kila huzuni inakuwa hoja, na kila hoja inazaa nyingine, hadi mawazo yenyewe yanakuwa ndio ugonjwa. Wataalamu wa sonona wanaijua tabia hiyo ya kulicheua wazo lilelile bila kulimeza wala kulitema. Wahakiki wameihusisha riwaya hii na falsafa ya udhanaishi, na kwa haki. Hata hivyo, kuna jambo la kawaida zaidi linaloweza kupotea ndani ya falsafa hiyo: hapa yupo mtu anayelieleza giza lake kwa ufasaha mkubwa, na bado analiendea. Ufasaha wa kuieleza dhiki si sawa na uwezo wa kuibadilisha.

Kwa upande wa pili yupo Mwana Kupona, ambaye utenzi wake wa mwaka 1858 kwa binti yake hutolewa mfano kila inapotajwa subira ya mwanamke wa pwani. Wapo waliousifu kwa adabu yake na wapo waliousuta kwa kumfundisha mke unyenyekevu. Pande zote mbili husimama zaidi kwenye mawaidha kuhusu mume. Lakini mtunzi aliutunga akiwa mgonjwa, na kabla hajamaliza anageuka kutoka kwa binti na kumwelekea Mungu kwa dua ndefu. Hapo stara inawekwa kando. Anayaomba mahitaji yake, anaomba nafuu, anawaombea wanawe. Sauti ileile iliyofundisha kujizuia mbele ya mume inajua kuomboleza mbele ya Mola, na utenzi mmoja unazibeba zote mbili bila kuona haya. Anayeusoma kama mwongozo wa kunyamaza amesoma sehemu tu. Ukisomwa wote, utenzi unafundisha pia mpangilio: lipi lipelekwe wapi. Mtu anaweza kuukataa mpangilio huo, na wengi wa leo wana sababu za kuukataa, lakini haufai kuitwa kimya.

Riwaya inayoleta kipengele ambacho saikolojia ya mtu mmoja mmoja hukisahau ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, iliyotengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwanamume mwenye umri mkubwa kumshinda. Anakimbia. Jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni rafiki yake Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo mwenye moyo mkunjufu na mwenye kupenda taarabu. Katika usomaji wa kisiasa, Mwajuma hufunikwa na kivuli cha Denge, mwanaharakati anayepambana na ukoloni. Katika usomaji wa hisia, Mwajuma ndiye kiini. Kwake Yasmin anaweza kulia, kucheka, kuimba, kunyamaza na kubadili nia, na hakuna hata moja kati ya hayo litakalomgharimu mahali pa kulala. Unyumbufu wake hauzaliwi ndani ya kifua chake pekee. Unazaliwa pia ndani ya chumba. Rosa hakuwa na chumba kama hicho. Kazimoto alikuwa navyo vingi, lakini hakuingia katika chochote akaacha fikra mlangoni.

Hapa ndipo Al Twar inapouliza swali lake. Mfanyakazi wa ndani anayelala katika nyumba ya mwajiri wake yuko kazini hata anapolia. Uso wake ni sehemu ya huduma anayotoa. Huenda anajua njia kumi za kuishi na huzuni, lakini hali inamruhusu mbili tu: kutabasamu, na kungoja usiku. Sheria ya Shirikisho Namba 10 ya mwaka 2017 ilimpa, na baada yake amri ya kisheria Namba 9 ya mwaka 2022 inampa, mfanyakazi wa nyumbani haki ya siku ya mapumziko kila wiki. Kwa kawaida siku hiyo huhesabiwa kama suala la uchovu wa mwili. Kwa kipimo cha Vuta N'kuvute, ni suala la hisia pia: ndiyo siku ambayo mtu anaweza kukaa na wenzake, akasema kwa lugha yake, akawa na uso usio wa kazi. Anayeinyimwa ananyimwa mapumziko, na ananyimwa pia nafasi ya kuchagua.

Kwa sababu hiyo, dhana ya unyumbufu inahitaji kulindwa dhidi ya wale watakaoipenda kupita kiasi. Ni rahisi kuigeuza kuwa hotuba mpya ya subira: badala ya kuambiwa “vumilia”, mtu aliyebanwa ataambiwa “nyumbuka”. Tawi hunyumbuka kwa kadiri ya nafasi lililo nayo; likikandamizwa ukutani, huvunjika, na kosa si la tawi. Tena, kubadilikabadilika tu si unyumbufu. Anayehama kutoka kilio hadi kicheko bila kuisoma hali anayumba. Na aliyekwisha kuzama katika sonona anahitaji tiba na watu wa kumshika mkono, si riwaya wala methali.

Ndani ya mipaka hiyo, salamu ya Kiswahili inastahili kutazamwa upya. Mara nyingi inashutumiwa kwa unafiki: mtu amefiwa, anaulizwa habari, anajibu “nzuri”. Lakini salamu hiyo haiishii hapo. Habari za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Wazima. Za kazi? Nzuri, ila... Neno hilo dogo, “ila”, au “tu” katika “salama tu”, linasubiri sikio. Jibu la kwanza linamlinda msemaji asimwage ya moyoni mbele ya asiyeyataka. Maswali yanayofuata yanampa nafasi ya pili, ya tatu na ya nne ya kupima kama aliye mbele yake ni wa kuambiwa. Ni utaratibu wa unyumbufu uliojengwa ndani ya lugha, lakini unafanya kazi kwa sharti moja, kwamba muulizaji asichoke baada ya swali la kwanza.

Simu imelitikisa sharti hilo. Sauti iliyorekodiwa haikatizwi katikati, haina wa kuidaka “ila” inapotamkwa, na hujibiwa saa kadhaa baadaye, mara nyingi kwa ombi la ada ya shule au la kodi ya nyumba. Aliye Al Twar anasema wazima, hofu ni kwenu. Aliye Kisauni au Ng'ambo anaipokea ile hofu, halafu anairudisha ikiwa imevaa sura ya mahitaji. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umetumia miongo mingi kuchambua barua, tenzi na riwaya, na umetoa usikivu mdogo kwa utanzu huu wa sauti, ambao bila shaka ndio unaotungwa na watu wengi zaidi kila siku. Kuusikiliza kwa makini, pale sauti inapopungua baada ya neno “salama”, kungekuwa kazi ya kitaaluma, na pia wajibu wa jamaa aliye upande wa pili wa simu.